Winamp Ilivyokufa, na Kwa Nini Nyimbo Zetu Zilibaki

Tangazo lilikuwa fupi. Novemba 20, 2013, kampuni ya AOL ya Marekani iliandika kwenye tovuti ya Winamp kwamba baada ya Desemba 20 mwaka huo tovuti hiyo na huduma zake zingefungwa, na programu yenyewe isingepatikana tena kwa kupakua. Wapenzi wake wakapewa mwezi mmoja wa kuchukua toleo la mwisho. Programu iliyowazoesha mamilioni ya watu duniani kusikiliza muziki kwenye kompyuta ikaagwa kwa mistari michache.

Wengi walilichukulia tangazo hilo kuwa jambo la kawaida. Zama zimebadilika, walisema. Simu imechukua nafasi ya kompyuta na muziki umehamia mtandaoni. Maelezo hayo ni mepesi mno. Ukiifuata historia ya Winamp kuanzia mwaka 1997 hadi ilipojikwaa tena mwaka 2024, utaona kwamba haikufa kwa uzee. Ilidhoofishwa na mmiliki aliyeinunua kwa ajili ya umaarufu wake, huku biashara zake nyingine zikiiogopa kazi iliyokuwa ikiifanya. Na utaona jambo la pili, ambalo kwetu leo ndilo zito zaidi: ilipofungwa, hakuna aliyepoteza hata wimbo mmoja. Nyimbo zilikuwa za msikilizaji. Winamp kazi yake ilikuwa kuzicheza tu. Huduma tunazozitegemea sasa zimejengwa kinyume kabisa cha hapo.

Wimbo wa megabaiti 4

Huwezi kuielewa Winamp bila kuielewa MP3. Katika CD ya kawaida, dakika moja ya muziki hula takriban megabaiti 10. Wimbo wa dakika 4 ni megabaiti 40, na huo ulikuwa mzigo mkubwa kwa kompyuta za katikati ya miaka ya 1990. Watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuondoa katika sauti yale ambayo sikio la binadamu haliyatambui, kama vile sauti ndogo inayofunikwa na sauti kubwa inayolia wakati huohuo. Mwisho wake, wimbo wa megabaiti 40 uliweza kubanwa hadi megabaiti 4 hivi, na msikilizaji wa kawaida asihisi upungufu mkubwa. Julai 14, 1995 watafiti hao wakakubaliana kwamba mafaili ya aina hiyo yaishie na herufi .mp3.

Hapo faili likawa limepatikana, lakini programu nyepesi na nzuri ya kulicheza bado ilikuwa adimu. Aprili 1997, Justin Frankel, kijana wa Arizona ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20 na aliyeacha masomo yake katika Chuo Kikuu cha Utah, alitoa toleo la kwanza la Winamp akishirikiana na Dmitry Boldyrev. Injini ya kufumbua MP3 ilitokana na AMP, kazi ya Tomislav Uzelac wa Croatia, na suala hilo baadaye lilizaa kesi iliyomalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Frankel akaunda kampuni ndogo, akaiita Nullsoft. Aliyeipenda programu aliombwa kulipa dola 10, ila asiyelipa hakufungiwa mlango.

Dirisha dogo lenye kila kitu

Sifa ya Winamp inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kwa karibu. Dirisha lake kuu lilikuwa na upana wa pikseli 275 na kimo cha pikseli 116. Ndani ya nafasi hiyo kulikuwa na saa ya wimbo, jina la wimbo likipita, mistari inayopanda na kushuka kwa kufuata mdundo, vitufe vya kuchezea, na kidhibiti cha sauti. Chini yake ilikaa ekolaiza ya mikanda 10, kuanzia hezi 60 za besi hadi kilohezi 16, kisha orodha ya nyimbo. Madirisha hayo matatu yaligandana, ukivuta moja yanakwenda yote.

Kipanya hakikuwa cha lazima. Z ilirudisha wimbo uliopita, X ilicheza, C ilisimamisha kwa muda, V ilizima, B ilipeleka wimbo unaofuata. Ni herufi tano zinazofuatana kwenye mstari wa chini wa kibodi, kwa mpangilio uleule wa vitufe vilivyoonekana dirishani. Ukibonyeza J kilifunguka kisanduku cha kutafutia. Unaandika herufi mbili tatu za jina la wimbo, unabonyeza Enter, wimbo unaanza. Kwa mtu anayepiga muziki kwenye sherehe huku wageni wakimletea maombi, huo ulikuwa wepesi usio na mfano.

Kisha kulikuwa na skini. Sura nzima ya Winamp ilikuwa ni picha chache tu, zilizokusanywa katika faili moja la zip ambalo jina lake liliishia na .wsz. Yeyote aliyeweza kuchora kwa Paint aliweza kuzifungua, kuzibadili rangi, kuzirudisha, na kuipa Winamp yake sura ya timu anayoipenda, gari au filamu. Watu walitengeneza skini kwa makumi ya maelfu. Zaidi ya 65,000 zimehifadhiwa na zinaweza kutazamwa hadi leo. Nullsoft ilieleza pia namna ya kutengeneza programu-jalizi, na mafundi wa nje wakaiongezea uwezo ambao Frankel mwenyewe hakuwa ameuwaza. MilkDrop ya Ryan Geiss, iliyochora mawimbi ya rangi kwa kufuata muziki, ndiyo inayokumbukwa zaidi.

Na mwishoni mwa mwaka 1998 ikaanza kuja SHOUTcast, iliyomwezesha mtu mwenye kompyuta moja kurusha redio yake kwenye intaneti. Hili lilikuwa jambo zito. Hadi wakati huo redio ilihitaji mtambo, mnara na leseni ya masafa. Nullsoft, ofisi ya vijana wachache, ikawa imewapa watu wa kawaida chombo cha kucheza muziki na chombo cha kuurusha.

Mnunuzi mwenye mioyo miwili

Juni 1999 AOL ilitangaza kuinunua Nullsoft pamoja na kampuni nyingine ya muziki wa mtandaoni, Spinner, kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 400 kwa jumla. AOL ndiyo iliyokuwa ikiwaunganisha Wamarekani wengi na intaneti kupitia laini za simu, na iliona kwamba vijana wanaipenda Winamp. Kwa muda mfupi ununuzi huo ulionekana kama ndoa yenye heri.

Januari 2000 AOL ikatangaza kuungana na Time Warner, muungano uliokamilika mwaka mmoja baadaye. Time Warner ilikuwa na Warner Music, mojawapo ya kampuni kubwa za kurekodi muziki duniani. Wakati huohuo kampuni za rekodi zilikuwa mahakamani zikipambana na Napster, huduma ya kubadilishana MP3 iliyoanza Juni 1999. Tazama hali ilivyokuwa: tajiri mmoja anauza rekodi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamiliki programu mashuhuri kuliko zote ya kuchezea MP3, ambazo nyingi hazikununuliwa.

Mgongano haukuchelewa. Machi 14, 2000, Frankel na mwenzake Tom Pepper waliweka hadharani Gnutella, programu iliyowawezesha watu kubadilishana mafaili bila seva ya katikati, yaani bila ofisi ambayo mahakama ingeweza kuifunga. Kesho yake AOL ikaiondoa. Lakini ilishachukuliwa na maelfu, utaratibu wake ukafumbuliwa, na juu yake zikajengwa programu nyingine, LimeWire ikiwa miongoni mwake. Mei 2003 Nullsoft ikatoa programu nyingine, WASTE, ya kubadilishana mafaili kwa siri ndani ya kundi dogo. Nayo ikaondolewa haraka. Mwishoni mwa mwaka huo ofisi ya Nullsoft ya San Francisco ikafungwa, na Januari 2004 Frankel akaacha kazi. Baadaye alianzisha kampuni ya Cockos, inayotengeneza REAPER, programu ya kurekodia inayotumiwa na studio nyingi hadi leo. Winamp ikabaki kwa watunzaji waliokuwa wakiipenda, bila mwanzilishi wake, ndani ya kampuni isiyojua inaitaka kwa kazi gani.

Sababu za kifo zikipimwa

Sababu ya kwanza inayotajwa ni Apple. iTunes ilitoka Januari 2001, iPod ikafuata Oktoba mwaka huo, duka la nyimbo likafunguliwa Aprili 2003 likiwa na nyimbo 200,000 kwa senti 99 kila moja, na Oktoba 2003 iTunes ikaingia kwenye Windows. Ni kweli kwamba Winamp haikuwa na duka wala kifaa cha mfukoni. Lakini jiulize ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuvipata. AOL ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 20, ilikuwa na programu ambayo tayari imekaa kwenye kompyuta za watu, na kampuni dada yake ilikuwa na hazina kubwa ya nyimbo halali. Vipande vyote vilikuwa ndani ya nyumba moja. Apple, isiyokuwa na kampuni ya rekodi, ilikwenda kubisha hodi kwa kampuni zote na ikafanikiwa. AOL haikushindwa kwa kukosa nyenzo, ilikosa nia.

Sababu ya pili ni kosa la kiufundi. Winamp3 ilitoka Agosti 2002 ikiwa imeandikwa upya. Ilikuwa nzito, na programu-jalizi za zamani hazikufanya kazi ndani yake. Watu wengi wakairudia Winamp 2. Hilo lilikuwa pigo, lakini lilitibiwa: Desemba 2003 ikatoka Winamp 5, iliyoyaunganisha mazuri ya toleo la pili na la tatu, na watumiaji wakaipokea vizuri. Kosa lililosahihishwa ndani ya mwaka mmoja na nusu haliui programu iliyosimama imara.

Sababu ya tatu ni muziki wa mtandaoni. Spotify ilianza Oktoba 2008 katika nchi chache za Ulaya, na Marekani iliingia Julai 2011. Kufikia wakati huo Winamp ilikuwa imeshaachwa nyuma kwa miaka kadhaa. Toleo lake la Android lilikuja mwaka 2010, la kompyuta za Mac mwaka 2011, zaidi ya miaka kumi baada ya AOL kuinunua. Muziki wa mtandaoni uliikuta Winamp tayari imelala kitandani.

Na kuna ushahidi mwingine unaoipinga hoja ya uzee. foobar2000, iliyoandikwa na Peter Pawłowski aliyewahi kuifanyia kazi Nullsoft, imekuwepo tangu mwaka 2002 na bado inatolewa matoleo mapya. VLC, iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa na kuwekwa chini ya leseni huria mwaka 2001, ipo kwenye kompyuta na simu karibu kila mahali. Hizi zote zinacheza mafaili yaliyomo ndani ya kifaa chako, kama ilivyofanya Winamp. Hazina kampuni kubwa nyuma yake, nazo zinaendelea. Kama zama ndizo zilizoua, zingeua na hizi.

Inabaki sababu ya nne, na ndiyo ninayoisimamia: umiliki. Winamp ilikuwa mali ya kampuni ambayo faida yake haikutegemea afya ya Winamp, na msimbo wake ulifungiwa ndani, hivyo hakuna mtu wa nje aliyeweza kuiendeleza wenye mali walipochoka. VLC hata ikiachwa leo na wote wanaoitunza, kesho mtu mwingine ana haki ya kuuchukua msimbo na kuendelea. Winamp haikuwa na haki hiyo. Uhai wake ulitegemea saini ya ofisi moja.

Kufufuliwa nusunusu

Baada ya tangazo la mwaka 2013, watumiaji walikusanya sahihi wakiiomba AOL iuze Winamp au iufungue msimbo wake. Januari 2014 ikajulikana kwamba Radionomy, kampuni ya Brussels, Ubelgiji, imeinunua pamoja na SHOUTcast. Mwishoni mwa mwaka 2015 Vivendi ya Ufaransa ikachukua hisa nyingi za Radionomy. Watumiaji wakangoja. Toleo la mwisho la enzi ya AOL lilikuwa 5.666, la Desemba 2013. Toleo rasmi lililofuata, 5.8, lilitoka Oktoba 2018, baada ya nakala yake kuvuja. La 5.9 likaja Septemba 2022. Mmiliki akabadilika tena, na kampuni iliyoimiliki ikaja kuitwa Llama Group, jina lililotokana na mnyama aliyekuwa nembo ya utani ya Winamp tangu mwanzo.

Mei 2024 Llama Group ikatangaza habari ambayo wapenzi wa Winamp walikuwa wameiomba kwa zaidi ya miaka kumi: Septemba 24 msimbo ungefunguliwa. Siku ikafika, msimbo ukawekwa kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, na watu wakaanza kusoma leseni. Leseni ile iliwaruhusu kuutazama msimbo na kuchangia marekebisho, ila iliwakataza kusambaza matoleo yao wenyewe yaliyobadilishwa. Kwa maneno mengine, mtu aliombwa kufanya kazi ya bure katika shamba ambalo mavuno yake hayamhusu. Malalamiko yalipokuja leseni ikarekebishwa, lakini waliouchunguza msimbo wakabaini kwamba ndani yake kulikuwa na sehemu za kampuni nyingine, zikiwemo za Dolby, ambazo Llama Group haikuwa na haki ya kuzitoa. Kabla mwezi mmoja haujatimia, msimbo wote ukaondolewa kwenye tovuti hiyo.

Tukio hilo linafundisha jambo ambalo kila anayetegemea programu anapaswa kulijua. Kuuonyesha msimbo na kuutoa huria ni vitu viwili. Programu inanusurika pale tu leseni inapompa mtu wa nje haki ya kuichukua, kuibadili na kuisambaza. Na haki hiyo hutolewa mapema, programu ikiwa hai na watu wanaojua kila sehemu ilitoka kwa nani wakiwa bado ofisini. Ukingoja miaka ishirini na wamiliki wanne, huwezi tena kutenganisha chako na cha jirani.

Ilikuwa na maana gani huku kwetu

Afrika Mashariki tuliipata Winamp kwa njia yetu. Nyaya za mawasiliano za baharini zilianza kuifikia pwani yetu mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kupakua wimbo wa megabaiti 4 kwa modemu ya laini ya simu kulihitaji kama dakika 10, laini isipokatika. Kwa hiyo muziki ulitembea kwa mikono: CD zilizochomwa, baadaye flashi, baadaye memori kadi. Fundi aliyekuwekea Windows alikuwekea na Winamp kutoka kwenye CD yake ya programu, bila kumuuliza mtu wa Marekani.

Kwenye intaneti kafe, kwenye steshenari ya kuchapia kazi za wanafunzi, kwenye studio ndogo iliyorekodi Bongo Fleva kwa kompyuta moja na maiki moja, dirisha lile dogo lilikuwa wazi pembeni mwa skrini. Vibanda vya kurusha nyimbo vilipanga mafolda kwa majina ya wasanii, mteja akataja anachotaka, kikasikilizwa kidogo, kikakopiwa. CD moja ya megabaiti 700 iliyobeba nyimbo 18 hivi za kawaida iliweza kubeba MP3 zaidi ya 150. Kwa kijana wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura ambaye hakuwa na bando wala kadi ya benki, huo ulikuwa mlango wa kuingia kwenye muziki wa dunia nzima, na muziki wa kwetu ulitokea kwa mlango huohuo.

Hapa lazima haki itendeke kwa upande wa pili. Mlango uleule uliwaumiza wasanii. Wimbo ulitoka studio asubuhi, jioni ukawa kwenye kila kibanda, na aliyeutunga hakuona shilingi. Wanamuziki wengi wa kizazi hicho walipata jina bila kupata riziki, wakaishi kwa kutegemea shoo. Huduma za mtandaoni zimeleta nafuu ambayo si haki kuidharau. Boomplay iliingia sokoni ikiwa ndani ya simu zilizokuwa mikononi mwa Waafrika wengi, Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, na Mdundo iliyoanzia Nairobi imejenga biashara yake juu ya MP3 zilezile za kupakua, safari hii kwa mkataba na msanii. Wimbo unahesabiwa, na malipo, hata yakiwa madogo, yana njia ya kumfikia mwenyewe. Simtamanii msanii yeyote arudi enzi ya kibanda.

Hoja yangu ni nyingine. Tulitatua tatizo la malipo kwa kuachia umiliki, na haikuwa lazima kuachia kimoja ili kupata kingine.

Huduma inapofungwa

Ukitaka kujua tumeachia nini, tazama yaliyotokea maduka na huduma za muziki zilipofunga. Aprili 2008 Microsoft iliwatangazia wateja wa MSN Music kwamba baada ya Agosti mwaka huo isingetoa tena vibali vya kuzichezea nyimbo walizonunua kwenye kompyuta mpya. Watu walikuwa wamelipa fedha zao halali, lakini mafaili yalikuwa na kufuli la kidijitali, na ufunguo ulibaki dukani. Makelele yalipozidi, muda ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka 2011. Yahoo nayo ikafunga duka lake la aina hiyohiyo Septemba 2008 na ikabidi itafute namna ya kuwafidia wateja. Google Play Music ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2020. Waliokuwa wamehifadhi humo nyimbo zao walipewa muda wa kuzihamisha, na Februari 2021 zilizosalia zikafutwa. Myspace mwaka 2019 ilikiri kwamba muziki uliopandishwa huko kabla ya mwaka 2016 umepotea wakati wa kuhamisha seva. Zilikadiriwa kuwa nyimbo zaidi ya milioni 50, nyingi za wasanii wachanga ambao hiyo ndiyo iliyokuwa nakala yao pekee.

Linganisha na Desemba 2013. Winamp ilipotangazwa kufa, mtu mwenye nyimbo 3,000 kwenye diski yake aliamka kesho yake akiwa na nyimbo 3,000. Aliweza kuzifungua kwa VLC, kwa foobar2000, kwa redio ya gari, kwa simu. Hata Winamp yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imeshasakinishwa, iliendelea kupiga. Faili la MP3 halimuulizi mtu kibali. Tangu Aprili 2017, Fraunhofer iliposimamisha utoaji wa leseni za MP3 baada ya hataza zake kwisha, hata mtengenezaji wa programu ya kulichezea hana tena wa kumlipa.

Kwa msikilizaji wa leo mambo ni tofauti. Analipa kwa mwezi, na akikosa kulipa, au mkataba kati ya huduma na kampuni ya rekodi ukivunjika, au huduma ikaondoka katika nchi yake, orodha aliyoijenga kwa miaka inabaki majina matupu. Hata nyimbo alizozihifadhi ndani ya programu ili azisikilize bila bando zimefungwa kwa namna ambayo programu nyingine haiwezi kuzifungua. Wahenga walikwisha kusema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi na taarabu uliorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam tangu miaka ya 1960 ilibaki kwenye kanda za sumaku, na kanda huchakaa huku mitambo ya kuzichezea ikizidi kuwa adimu. Tunajua tayari jinsi taifa linavyoweza kuwa na hazina ya sauti na likashindwa kuisikia. Muziki wa miaka hii ya 2020 ukikaa kwenye seva za kampuni za ng'ambo peke yake, vizazi vijavyo vitakuta pengo kubwa zaidi, kwa sababu kanda iliyochakaa angalau ipo kabatini.

Nini kifanyike

Msikilizaji aendelee kutumia huduma za mtandaoni kama apendavyo, lakini nyimbo anazoziona kuwa sehemu ya maisha yake azinunue na azitunze kama mafaili, katika MP3 au FLAC, miundo ambayo programu yoyote inaifungua. Aandike majina ya wimbo, msanii na mwaka ndani ya faili, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Aweke nakala mbili, moja kwenye diski ya nje inayokaa mahali pengine.

Msanii na mtayarishaji wasiitegemee huduma yoyote kuwa ghala lao. Nakala kamili ya wimbo, ile ya WAV isiyobanwa, pamoja na vipande vyake vya kurekodia, ikae kwa msanii mwenyewe na si studio peke yake.

Wenye programu zinazostaafishwa waufungue msimbo siku ya kufunga, kwa leseni ya kweli, baada ya kutenganisha mapema kisicho chao. Winamp ilistahili hivyo mwaka 2013 na haikupata. Na ofisi zetu za hakimiliki, zinaposimamia mikataba kati ya wasanii na huduma za mtandaoni, zidai kifungu kimoja cha wazi: huduma ikifungwa, msanii arudishiwe kazi zake zote pamoja na kumbukumbu zake, na mnunuzi apewe faili lake lisilo na kufuli.

Winamp ilikufa kwa uamuzi wa mmiliki, na nyimbo zikapona kwa sababu hazikuwa zake. Usiku wa leo zima intaneti kwenye simu yako, kisha jaribu kucheza nyimbo kumi unazozipenda kuliko zote kwa programu yoyote isiyo ya huduma unayoilipia. Zitakazolia ndizo zako. Zisizolia, anza kuzitafuta sasa, kabla tangazo halijatoka.